Stempu Iliyohesabiwa Meno

Bonareri, uko? Nimetoka kwa babu Machogu sasa hivi. Siamini alichokiri.

Mwaka 1969, hapo Kisii, yeye na rafiki yake Otiende walikusanya stempu. Kila mmoja alikuwa na ile ya pundamilia, zimefanana kama mapacha. Lakini Otiende aliipa yake ukurasa mzima wa albamu, na babu akaamini hiyo ndiyo adimu. Wivu ukamnyima usingizi.

Otiende alipoenda kupika chai, babu akazibadilisha. Yeye, mzee wa kanisa, Bonareri. Akazibadilisha.

Jumapili iliyofuata Otiende akaja na albamu yake na rula ya kuhesabia meno ya pembeni mwa stempu. Za kawaida zina meno kumi na manne kwa kila sentimita mbili. Adimu zina kumi na moja. Akahesabu ile ya albamu yake mara mbili, akanong'ona, "Kumi na moja. Machogu ndugu yangu, kumbe nimekaa nayo tu."

Babu alikuwa hajawahi kuhesabu ya kwake kabla ya kuibadilisha.

Otiende akamsogezea daftari la orodha. "Andika wewe, una mwandiko mzuri."

Babu akaandika kwa mkono wake: Pundamilia, meno kumi na moja. Mwenyewe, Otiende.