Simu Uliyoificha Kifuani

Hibo, binti wa mama mdogo,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili, kwa hiyo chukua jina lako peke yake. Meseji yako ya juzi kutoka Nairobi haikuwa na hata salamu. Uliniletea ile video ninamocheza, umeiweka kwenye ukurasa wako tangu wiki iliyopita dunia nzima iione, na chini yake umeandika, "Abaayo, dada yangu, umeona vile watu wameipenda?" Nimeona. Wallahi nimeona, na nikatamani ungekuwa karibu nikuzabe kofi.

Hebu nikukumbushe tulikotoka, maana naona huko umesahau. Kwetu hakukuwa na televisheni, kwa hiyo kila alasiri nilivuka barabara kuja kwenu. Mama yako akishalala baada ya adhuhuri, tulipunguza sauti mpaka ikabaki kama ya mbu, tukairudisha tena na tena ile video ya wimbo iliyopigwa ndani ya gereji. Wachezaji saba, ovaroli za manjano, hatua mbili mbele, bega la kushoto linashuka, mguu unaburuzwa, halafu wote chini goti moja. Yule wa mwisho kulia alichelewa kidogo. Wewe ulisema amekosea. Mimi nikasema huyo ndiye fundi wao, anauacha mdundo upite kwanza ndipo aufuate. Tuligombana hadi mama yako akaamka na kutufukuza na kandambili mkononi. Wewe hatua hazikukukaa, Hibo, usinune, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuhesabia kow, laba, saddex, nikakushika kiuno na kukugeuza mwenyewe. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda kucheza, na sikutaka kucheza na mtu mwingine.

Ndiyo maana kwenye harusi ya Fartun, jirani yetu, sikujibana. Desturi unaijua vizuri. Alasiri ya wanawake mlango unafungwa, na simu zote zinaingia kwenye beseni la eddo Khadija, shangazi yangu, anayekaa mlangoni na kupapasa mikoba. Hapo ndipo tunavua mabuibui. Hapo mama zetu wanatambiana kwa buraanbur, mmoja anatoa mashairi na mwingine anaingia katikati kucheza, hata wenye magoti mabovu. Ni saa tatu tu, na ni zetu. Wewe ulitoa simu moja kwa heshima zote, ya pili ukaificha kifuani. Wimbo wa gereji ulipopigwa niliingia katikati na dera langu la kijani, nywele wazi, nikacheza hatua zote bila kuruka hata moja. Mkono wako ulikuwa chini ya shali. Nilidhani umeshika mkoba.

"Nilimtumia mtu mmoja tu," uliniambia mwanzoni, kabla hujaiweka kwenye ukurasa. Mtu mmoja. Kaka yangu Yusuf alikuwa Modogashe na lori la mbuzi, anakunywa chai, dereva mwenzake akamgeuzia simu: "Hii msichana si ya watu yako ya Garissa?" Alirudi nyumbani, hakupiga kelele. Alimwambia mama tu, "Mwambie nimemwona." Tangu siku hiyo akinikuta jikoni anatoka. Heri angenitukana nikajua yameisha.

Na sikuumia peke yangu. Harusi tatu zimepita hapa bulla, mtaani kwetu, na hakuna aliyecheza. Wanawake wanakaa na mabuibui yao, wanakula wali, wanaangaliana mikono. Majuzi mama aliombwa aingie kwenye buraanbur akasema mguu unamuuma. Mama yangu, Hibo, aliyecheza akiwa na mimba yangu ya miezi minane. Nikiingia mimi mazungumzo yanapungua, kana kwamba ni mimi niliyeleta simu.

Halafu unaniambia nina kipaji, nije Nairobi, kuna watu wanatafuta wachezaji wa video. Huna haya hata kidogo. Wale wa gereji walijua kamera iko wapi, walivaa kwa ajili yake, wakaitazama wakitaka niwaone. Mimi nani aliniuliza? Nilikuwa nacheza mahali pekee ambapo sikuhitaji kugeuka kuangalia nyuma, na sasa hapo pia nitaangalia.

Ifute. Sitaki samahani yako, na mama yako asije hapa na halwa kutusuluhisha. Ifute, na uliowatumia waambie wafute, ingawa najua wengi hawatafuta. Kisha usinipigie tena.

Lakini kabla hujaifuta, soma pale chini watu wanapouliza yule msichana anamwangalia nani akicheka namna ile, macho juu kidogo ya kamera. Wengine wanasema ni mchumba wake. Wiki nzima wanauliza na hujawajibu. Wajibu, Hibo. Waambie nilikuwa nakutazama wewe.

Sina la ziada,
Aliyekuwa abaayo yako