Kwa Simba, Mbwa Aliyeachwa na Kontena

Mpendwa mzee wangu Simba,

Familia yako ya Gasenyi, ikiwa imekusanyika uani kasoro mtoto wetu Divine aliyekuwa anaosha nywele, inayo heshima ya kukutangazia wewe, pamoja na ndugu, marafiki, na yule paka wa jirani ambaye hamkuwahi kupatana naye, kwamba karai lako la bluu limepandishwa cheo. Tangu juzi linanywesha kuku. Sherehe ilikuwa fupi. Mama Divine alilisugua kwa majivu, akalijaza maji, akaliweka chini ya bomba. Kuku walilitazama kwa mashaka, kama makarani walioletewa mkubwa mpya, kisha jogoo akainama akanywa na wengine wakafuata. Mimi nilitaka kusema maneno machache. Nikaambiwa nikatafute makaa.

Hizo ndizo habari za nyumbani. Nilikaa karibu na kuku wale nikiwa na mfuko wa makaa mikononi, nikagundua kwamba nina hasira, na kwamba sina wa kumwambia isipokuwa wewe. Ndiyo maana naandika.

Tulionana mara ya kwanza mtaa wa Mutanga Sud, unakumbuka? Nilikuja kikazi. Kazi yangu unaijua, maana uliisikia ikilalamikiwa jioni nyingi: natoa mizigo ya watu bandarini na kupeleka mingine, yaani nimezeeka nikihakikisha vitu vya wenzangu vinafika nchi ambazo mimi sijafika. Mabosi wako wa kwanza walikuwa wanarudi kwao Ulaya, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusafirisha nyumba yao yote kwa kontena, kwa meli mpaka Kigoma na kuendelea. Friji, baiskeli, vikapu, ngoma kubwa ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyejua kuipiga. Kulikuwa na kiti cha mianzi chenye mguu uliovunjika. Kilifungwa kwa blanketi, na bosi wako Madamu akasimama pale kuangalia kama kimefungwa vizuri. Wewe ulikuwa umelala katikati ya njia ya wabebaji, na miguu yako yote minne ilikuwa mizima siku hizo.

Nikauliza, kwa kuwa mdomo wangu haukuumbiwa kunyamaza, "Na mbwa je, Madamu?"

Alisema wewe ni mzee mno kwa ndege. Salvator, zamu aliyelinda pale getini, angekutafutia mtu. Sitaki kumsema vibaya, kwa sababu alilia kweli, nilimwona. Lakini alilia akiwa ndani ya gari, na gari lilikuwa linaondoka.

Baada ya hapo nilikusahau, nakiri bila aibu. Sikuwa mtu wa mbwa. Nilikulia Uvira, na sisi watoto wa Uvira tulijuana na mbwa kwa njia ya mawe. Kisha siku moja simu inalia, ni Salvator.

"Patron, mwenye nyumba ameleta wapangaji wapya. Hawataki mbwa. Wanasema mpaka Jumapili asiwe hapa."

"Sasa mi naingiaje mu maneno hayo?"

"Mi nalala chumba moja na watoto, patron. Nitamuweka wapi?"

"Nakuuliza, kwa nini unaniita mimi?"

"Ni we peke yako uliuliza juu yake."

Ndivyo nilivyopata mbwa. Wengine hununua, wengine huzawadiwa, mimi niliuliza swali. Tangu hapo najitahidi kupunguza maswali, hasa kazini.

Nilikukuta umelala kifudifudi mbele ya geti, pua chini ya bati, unatazama barabara kupitia ule upenyo mdogo. Salvator aliniambia gari lolote la mazutu, yaani dizeli, likipita lenye sauti kama ya gari lao, unasimama. Nilipokuwa bado nimesimama pale, likapita moja. Ukasimama. Ilikuchukua muda kusimama, kwanza mbele, kisha nyuma, na ulipokamilika gari lilishafika kwenye kona. Ukabaki umesimama hivyo hivyo, mkia ukiwa tayari. Mzee, mimi ni mtu wa utani, nimetania hata kwenye misiba, lakini mkia ule sikuutania. Nilichuchumaa, nikakuambia kwa Kifaransa changu kibovu, kwa sababu Salvator alisema lugha nyingine huelewi, kwamba twende, na kwamba mimi sitakuacha mahali peke yako. Ulininusa mkono kwa muda mrefu, kama afisa wa forodha. Kisha ukanifuata.

Nyumbani Mama Divine alikuwa mlangoni, akingoja dagaa wake.

"Papa Divine, nilikutuma ndagala."

"Nimezileta."

"Ile iko nyuma yako ni ndagala?"

"Ni mlinzi."

Alikuzunguka pole pole. Ulikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi, na jicho moja lilikuwa na ukungu. "Mlinzi gani huyu? Meno yenyewe imebaki ya kuonyesha tu. Mwizi akikuja, atamusalimia."

Na ulimsalimia kweli. Yule aliyechukua buti zangu barazani, jirani alimwona ukimsindikiza mpaka mwisho wa barabara huku ukitingisha mkia. Mama Divine alilisimulia jambo hilo kanisani, sokoni, na kwa simu kwa dada zake walioko Uvira. Lakini yeye ndiye aliyeanza kukupondea bugali ndani ya mchuzi wa ndagala ulipokataa kutafuna. Yeye ndiye aliyejifunza kukuambia kwa Kifaransa "asi!" mkono kiunoni, na wewe ukakaa mara moja, ukimwangalia kwa heshima ambayo mimi sijaipata kwake katika ndoa nzima. "Unaona?" aliniambia. "Huyu alilelewa."

Kila jioni nilitoka nawe nikiwa nimeshika kamba yako. Gasenyi haijazoea mtu mzima mwenye tumbo kutembea na mbwa bila kwenda popote. Watu walivuka barabara. Wanaume waliokaa kwenye duka la kona hawakuchoka kuuliza, "Papa Divine, leo nani anamupeleka mwenzake?" Nami nilijibu kwamba tunapokezana. Ilikuwa kweli. Kuna siku bandarini mizigo imekwama, wakubwa wamenipigia kelele, na nilitembea nyuma yako bila kujua tulikopita.

Magari ya mazutu yalipita pia Gasenyi. Mwanzoni ulisimama kwa kila moja. Halafu ukaanza kuinua kichwa tu. Halafu siku moja likapita lori zima, sisi tumekaa barazani, na wewe hukufungua hata jicho. Nilienda kazini kesho yake nikajivuna kama baba ambaye mtoto wake amepita mtihani wa serikali. Wenzangu waliuliza, "Mbwa amefanya nini?" Nikasema, "Amelala." Walinitazama, wakarudi kwenye kazi zao.

Kisha likaja tumbo. Lilivimba upande mmoja, miguu ya nyuma ikaanza kukukimbia, ukawa unaomba msamaha kwa macho kila ulipochafua baraza. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Kanyosha wakati ule esansi, petroli yetu, ilikuwa bado inapatikana. Alikupapasa. Alisema ni uvimbe, na kwa umri wako hatakukata. "Siku ataanza kulia, munileteye. Ninayo dawa. Atalala tu, hatasikia kitu."

Wakati wote huo Madamu alikuwa anaandika. Alituma ujumbe wenye mioyo myekundu, akiuliza Simba wetu anaendeleaje. Wetu. Neno hilo lilinichoma kama mwiba wa samaki mukeke. Nilimpelekea picha zako nzuri tu, zile ambazo tumbo halionekani, na sijui kwa nini nilimhurumia. Labda kwa sababu huwezi kumfokea mtu kwa mioyo myekundu.

Watu wananiambia hasira itapungua, alikuwa mbwa, alikuwa mzee, alikula vizuri. Yote ni kweli na hayanisaidii. Nina hasira na kiti cha mianzi. Nina hasira kwamba mji mzima umegeuka mstari mmoja mrefu wa kungojea esansi, na kwamba ili mnyama mmoja afe bila maumivu ilibidi kwanza meli ya mafuta ifike mahali fulani ambako mtu fulani hakulipa. Nina hasira zaidi kwa sababu watu wananipongeza. Niliwaambia Mama Divine, Divine, Salvator na Madamu kwamba tulifika Kanyosha, daktari akakuchoma sindano, ukalala kichwa chako kikiwa pajani mwangu. Wote walishusha pumzi. Madamu alituma picha ya mshumaa. Nimechoka kupongezwa kwa kifo kizuri ambacho wewe hukufa. Ulikuwepo, unajua. Wao watasoma hapa.

Ulianza kulia alfajiri, sauti ndogo kama ya mlango. Daktari hakuwa na esansi ya kuja. Basi haliwezi kumbeba mbwa, na siku zile hata binadamu lilikuwa linamwacha. Kwenye gari langu kulikuwa na mabaki ya kutufikisha mjini, kwenye kituo cha mafuta ambako ilisemekana lori limeshusha. Nikakulaza kiti cha nyuma juu ya kitenge cha Mama Divine, tukajiunga na mstari.

Kwenye mstari wa esansi hakuna anayewasha gari. Nani ana ya kupoteza? Wa mbele akisogea, unashuka, unashika nguzo ya mlango, unasukuma, mkono mwingine kwenye usukani. Mstari ukisimama nilirudi kukaa nawe nyuma. Dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yetu alikuja kuegemea dirisha.

"Mzee, abiria yako hashuki kutusaidia?"

"Amepewa likizo ya ugonjwa," nikasema.

Akacheka, akachungulia, akaacha kucheka. Alienda kwenye gari lake akaleta maji, akakumiminia kiganjani mwake. Hukunywa. Tangu hapo kila mstari uliposogea alikuwa anasukuma la kwangu kwanza, kisha anarudi kusukuma lake.

Mchana kuna watu walikata tamaa wakatoka mbele yetu, mstari ukaenda mwendo mrefu. Nilikuambia narudi sasa hivi, nikashuka. Nilipofunga mlango uliinua kichwa ukanitazama. Niliona. Nikasukuma. Nyuma walikuwa wanapiga honi, tulipanda kile kilima kidogo cha kabla ya kituo, nilikuwa natokwa jasho na sikugeuka. Tuliposimama nikafungua mlango wako. Ulikuwa umejivuta mpaka upande niliotokea, pua ikiwa imebanwa kwenye mlango, macho wazi. Ulikuwa bado wa moto.

Ningependa kukuandikia kwamba nilikupeleka nyumbani pale pale. Tanki lilikuwa kavu. Njia ya kurudi nyumbani ilipita kwenye pampu. Nilikufunika mpaka shingoni, nikafunga mlango taratibu, nikasimama nje.

"Anaendelea aje?" dereva wa teksi akauliza.

"Amelala," nikasema.

Akasema afadhali, apumzike. Mstari ukasogea, tukasukuma pamoja, mara nyingi. Zamu yetu ilipofika, yule mama wa pampu alichungulia nyuma, akarudi hatua moja.

"Huyo mbwa anauma?"

Nikamwambia apana, hajawahi kuuma mutu. Akajaza.

Kwaheri, mzee. Nilikuambia narudi, nikarudi umeshakwenda.

Mimi, mtu wako wa Gasenyi,
Papa Divine