Jina la Hamisi Lisisomwe

Mama,

Salamu huko uliko. Mimi mzima, na duka la Ukunda linakwenda, misumari na saruji zinatoka. Lakini kifua kinawaka, na nisipokuambia wewe nitamtukana mtu mzima.

Jana tulikusomea hitima ya arobaini. Wali ulitosha, watu walikuja hata kutoka Jego. Mwalimu akaanza kuwataja marehemu wa kuombewa: wewe, Baba, Bibi. Mara nasikia, "na Hamisi bin Omari." Hamisi wetu! Kumbe Mjomba Bakari alishamnong'oneza mwalimu sikioni.

Sikungoja. Nilipaza sauti kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia: "Huyo mtoeni! Nani kamzika?" Shangazi akanivuta leso. "Nyamaza wewe, wanaume wako kwenye dua!" Nikamwambia dua ya kumuua mdogo wangu mimi siitikii amina.

Baadaye Mjomba akanijia kwa upole. "Mwanangu, vita vya Khartoum vimemaliza watu. Tangu vianze hajapiga hata simu. Tumsomee apumzike."

Apumzike! Nikamuuliza, "Na minazi yake, Mjomba, ipumzike kwa nani?" Akaondoka kuwaaga wageni. Unajua mwenyewe, Mama: shamba ni la ukoo, minazi ni ya aliyeipanda. Jina likishasomwa hitimani, kesho mkwezi wa mtu mwingine yuko juu ya minazi hiyo. Na Mwanamisi, mkewe, ataambiwa akae eda ya mume ambaye hakuna aliyeiona maiti yake.

Huko Nairobi, kwenye ofisi iliyowapeleka kupika Khartoum, nako ni yale yale. Hayumo katika waliorudi, hayumo katika waliokufa. Wapishi walioondoka pamoja walikuwa sita. Watatu wamerudi, mmoja kazikwa kulekule. Wamebaki wawili, Mama. Wawili! Mfuko wa saruji ukinipotea natafuta mpaka niupate, wao watu wawili wamewapoteza na wananiambia, "Subiri, mama."

Wewe ulisubiri. Kila aliyerudi ulimfuata na ile picha ya Hamisi ya harusi, hata miguu ilipokuwa imevimba. "Usimtazame ndevu," ulikuwa ukiwaambia, "ndevu hunyolewa. Mtazame masikio." Mimi nilikuwa nacheka. Sasa picha iko dukani, juu ya mizani, na nimeshika maneno yako: masikio.

Kuna dereva wa lori amerudi kwao Samburu, ile ya huku kwetu pwani. Anasema alibeba wapishi kuwatoa Khartoum. Jumapili nafunga duka, nakwenda na picha. Akinidanganya nitajua, wateja wangu wamenifundisha.

Minazi nimeshasema na mkwezi: nazi za Hamisi zinateremkia kwa mkewe. Mjomba amenuna. Anune.

Mama, lala. Kusubiri niachie mimi. Siku nitakapoona kaburi lake kwa macho yangu, mimi mwenyewe nitamwambia mwalimu amtaje, baada yako. Kabla ya siku hiyo, kila hitima ya ukoo huu nitakaa karibu na pazia, nisikilize jina baada ya jina.

Mwanao,
Mwanaisha