Mkwe Wetu Ameitwa Tena Uwanjani

Baba Nekesa wangu,

Mkwe wako ameitwa tena uwanjani. Klabu moja ya kulipwa huko kwao Amerika inamtaka kwa msimu huu, pengine na ujao, na wanataka jibu kabla wiki haijaisha. Yeye naye hakutaka kujibu mpaka mimi niseme. Alinikalisha mezani akanieleza kwamba kwa watu wake mama wa mke ndiye mwenye nyumba, na mwanamume aliyehamia nyumba hiyo haondoki bila neno lake. "Ukisema hapana, Mama, nabaki," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaendelea kumenya viazi. Nekesa ni mjamzito. Akienda, wanaenda wote, nami nabaki na nyumba hii ya Hodge Hill, hapa Birmingham, peke yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Mambo ya namna hii tulizoea kuyaamua wawili.

Unakumbuka Nekesa alivyomleta mara ya kwanza? Alikuwa amekwenda kule kufanya kazi yake ya kunyoosha viungo vya wachezaji, akarudi na mmoja wao. Wesley, jitu la mabega mapana, Mhaudenosaunee, wale wenyeji waliokuwepo Amerika kabla mzungu yeyote hajafika. Ukamuuliza Nekesa huyu kijana anakula kwa kazi gani. Akakwambia anacheza lakrosi, mchezo wa fimbo yenye wavu kichwani, mpira unadakwa na kurushwa kwa hiyo fimbo. Angeishia hapo tungekula kwa amani. Lakini mwanao, aliyekulia Birmingham na Kiswahili chake cha kutafsiri neno kwa neno, alitaka kukufurahisha. "Ni mchezo wa mababu zao, Dad. Wao wanauita medicine game. Mchezo wa dawa."

Ukaweka kijiko chini. Nilijua tumekwisha.

Nekesa hakujua neno hilo lilikuwa na nini kwako. Hukupenda kumsimulia kwamba ulikuwa kipa wa timu ya kiwanda kule nyumbani Webuye, kipa hodari, hadi kocha alipomleta mtu wa kuzika vitu golini na kuwapaka wachezaji mafuta yasiyojulikana. Wewe ulikataa kupakwa. Mechi iliyofuata golini alisimama mwingine, na hukuvaa glavu tena. Sasa huyu kijana anakuja mezani kwako na dawa yake!

Na yeye mwenyewe hakujisaidia. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia sebule, nikaona fimbo yake ya mbao imeegemezwa kwenye kochi, nikataka kuisogeza. Wesley aliruka kana kwamba nimeshika waya wa umeme. "Mama, please, nitaitoa mwenyewe." Nekesa akaeleza kwamba ile ya mbao ni ya wanaume, mwanamke haigusi, wanawake wana za kwao za plastiki. Wewe ulikuwa mlangoni na sare yako ya udereva wa basi, ukanitazama. "Umeona, Mama Nekesa? Fimbo haiguswi na mwanamke. Hiyo kama si dawa ni nini? Huyu halali tena kwangu." Usiku huo akalala hoteli ndogo ya Small Heath, na wewe kila ulipopitisha basi lako pale ulitazama mbele.

Walioana bila wewe kuzuia wala kubariki. Kwenye harusi ulikaa kama mgeni aliyekosea ukumbi. Halafu ukaanza kutazama mechi zake kwenye tableti, ukisema unataka kuona anaificha wapi hiyo dawa. Mimi nilikuwa jikoni nikikusikia. Wiki za kwanza ulikuwa kimya. Baadaye ukawa unamfokea kipa wao: "Toka! Toka golini, wewe, unangoja nini?" Ukajua majina ya timu nzima. Ulimwona akivunjika bega na kurudi, akihamishwa klabu na kuanza upya, na ukasikia kwamba siku za wiki anapanda vyuma vya maghorofa yanayojengwa, maana mchezo wao haulipi kama mpira wa miguu. Timu ya taifa lao ilipomwita, yenye bendera yao wenyewe, aliacha kila kitu akaenda. Hapo ulitikisa kichwa ukasema, "Huyu si mtu wa mchezomchezo." Kwako hiyo ilikuwa sifa kubwa, lakini hukumpigia simu kumwambia.

Kisha ukaugua. Ulikuwa kitandani hospitali, umekonda, Nekesa akapiga simu ya video kutoka kwao Wesley. Alianza kwa kuzunguka, wewe ukamkata. "Sema."

"Dad, watu wa kwao wanataka kukuchezea. Ile medicine game. Mtu akiwa mgonjwa, wanamchezea. Lakini ni lazima wewe ukubali."

Nilishika chuma cha kitanda. Ukauliza, "Wanazika kitu golini?"

"No, Dad. Hakuna kitu kinazikwa."

"Wanapakana mafuta?"

"Hapana."

"Basi hiyo dawa iko wapi?"

Nekesa akamuuliza Wesley, akasikiliza, akatafuta maneno. "Anasema wanacheza tu. Wazee na vijana, wote pamoja. Na kila mmoja anayekimbia, anakufikiria wewe. Hiyo ndiyo dawa."

Halafu ukauliza golini anasimama nani, ukaambiwa ni mjomba wake Wesley, mtu mzima. Ukasema, "Wacheze. Mimi nitaomba kwa Yesu kama kawaida, asije akadhani nimehama." Nesi alicheka ingawa hakuelewa hata neno moja. Mimi nililia.

Hukupona, Baba Nekesa. Walicheza siku nzima kwenye matope, na baada ya muda si mrefu ulituacha. Nilimuuliza Wesley kama hilo halimvunji moyo. Akasema hakuna aliyecheza ili kushindana na Mungu.

Sasa nikuambie usichokijua, na mimi nimekijua majuzi tu kwa Nekesa. Wikiendi ile waliyokuchezea, klabu ya Wesley ilikuwa na nusu fainali. Alimwomba kocha ruhusa, akanyimwa. Akaenda. Nafasi yake akapewa mwingine, na mkataba ulipokwisha hakuna aliyemtafuta. Alikuja akakubeba na ndugu zako kule Webuye, akaniletea maji ya kunywa pale kaburini, na hakutamka neno hata moja kuhusu kazi aliyoipoteza kwa ajili ya mtu aliyemnyima kitanda.

Baadaye wakahamia kwangu. Ndugu yako Wafula alipiga simu akiwa moto: "Shemeji, tangu lini mkwe analala nyumba moja na mama mkwe?" Nikamwambia kwetu ni mwiko, kwao ndiyo adabu, na mwenye kulipa gesi ni mimi. Wesley akapata kazi ya kuchomelea vyuma kule Tyseley. Jumamosi anawafundisha watoto wa mtaa kurusha mpira, na wazazi wao wanadhani ni hoki. Anakula ugali kwa uma. Nimemzoea, na nimekwisha kununua kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo jibu lililonijia kwanza lilikuwa hapana. Sikuona aibu. Nimewalaza wazee wa watu katika makao ninamofanya kazi, nimeona wanavyokaa wakitazama mlango, na mimi sitaki mlango wa kutazama.

Lakini nilikumbuka jambo uliloniambia mara moja tu, tukiwa wachumba. Ulisema msimu ule mzima baada ya kuachwa, hukutoka mjini siku za mechi. Ulikaa nyumbani umefua jezi, ukingoja atumwe mtu kukuita. Hakuja mtu.

Jana tukinywa chai nilimwambia Wesley, "Nenda ukacheze, baba." Alinikodolea macho, kana kwamba hajaelewa Kiswahili changu. Nekesa akamrudia kwa Kiingereza. Hapo akainama, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa, nami nikaenda kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Mtoto atazaliwa huko, nami nitamwona kwenye simu. Nimeumia, Baba Nekesa. Nimeumia sana, na leo wakiniuliza tena nitajibu vilevile.

Pumzika, mume wangu. Huku kazi ya kuwaaga nimeifanya kwa niaba yetu sote wawili.

Ni mimi mkeo,
Mama Nekesa