Wavu wa Ukutani

Dada Zaina,

Salamu toka Bujumbura. Mwili salama, moyo apana. Binti yetu Aisha alienda kuzalia kliniki moja ya Kinindo, wanakozalisha wamama ndani ya beseni kubwa la maji vuguvugu. Nikaona wavu ukutani, nikauliza, "Munavua nini humu?"

Mukunga akacheka: "Tunavua wamama wakizimia, mama."

Aisha akazimia kweli. Wakamuvuta kwa mikono, mwili unateleza, bega likateguka. Akazalia kitandani. Mutoto ni muzima, analia, mama yake hawezi kumubeba.

Leo mukunga ananiambia, "Wavu tuliusahau, mama."

Kwetu Rumonge hata ndagala, visamaki vidogo vya ziwani, tunazitoa kwa wavu, dada. Nibusie watoto, umuombee Aisha mukono wake.

Mama Aisha