Mama Restuta wa Vyumba vya Sogea

Mama, mwaka umetimia tangu presha ikuchukue ghafla, na nyumba ya Sogea bado ina kelele kama ulivyoiacha. Bata wako wanaingia jikoni bila hodi. Kwaya imepata mwimbaji mpya mahali pako. Anaimba vizuri kuliko wewe, tena sana, lakini ibada imepoa.

Baba alipofariki alikuachia vyumba vya kupangisha uani. Vingi vilikaliwa na wafanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Viwili ukasema ni vya watu wanaolala kwenye baraza za maduka karibu na mpaka. Huko ndiko ulikomkuta Danford.

Danford alikuwa utingo wa malori. Alianguka kutoka juu ya mzigo akavunjika mguu, lori likaendelea na safari bila yeye. Mguu ulipopona kazi haikuwepo tena, na kachasu, ile gongo ya ng'ambo, ilikuwa imeshamzoea. Kila aliyetaka kumsaidia alimwambia aache kwanza. Kwa hiyo uliposimama mbele yake pale barazani, akawahi kusema mwenyewe.

"Mama, mimi bado nakunywa."

"Sijakuuliza unakunywa nini. Nimekuuliza unalala wapi."

Masharti yako yalikuwa machache: hakuna kupigana, hakuna kuwasha moto chumbani, na uji kwanza, pombe baadaye. Tena ukamshauri aiache kachasu kidogo kidogo, ahamie kwenye komoni, pombe ya mahindi. "Angalau ile ina unga ndani," ulisema, naye akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo ya kwanza alilala mchana kutwa, viatu amevikumbatia kifuani, asije akaibiwa.

Baba mdogo Emanueli hakupendezwa. "Shemeji, unafuga walevi," alikuambia mbele ya balozi wa nyumba kumi. "Waache pombe kwanza, ndipo wapewe vyumba."

"Wewe shemeji, na baridi hii ya Juni, ungeweza kuacha kitu ukiwa umelala barazani?"

Balozi alijifanya anakohoa.

Kisha ukaenda kijijini Ruanda kumsaidia bibi kuvuna kahawa, nyumba ukamwachia baba mdogo. Yeye, kwa nia njema kabisa, alimwaga pombe yao yote na kufunga geti, ili urudi uwakute wamepona. Danford alitetemeka tu, maana alikuwa ameshapunguza. Lakini Rubeni, mwenzake wa chumbani, mnywaji wa miaka mingi, alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Mchana akaanguka uani, mwili umekakamaa, povu mdomoni.

Danford aliingiwa na hofu, lakini mikono yake ilikumbuka ulivyomfundisha kumhudumia mtu aliyeanguka hivyo. Alimlaza ubavu, akaweka shati lake chini ya kichwa.

"Mzee, fungua geti," alisema. "Huyu anatufia."

Baba mdogo alifungua. Wao wawili wakambeba Rubeni mpaka kwenye bajaji. Hospitalini daktari alieleza kwamba mtu aliyezoea pombe kali akikatishwa ghafla anaweza kupoteza maisha; hupunguziwa taratibu, akiwa na watu wa kumwangalia. Baba mdogo alikaa kando ya kitanda cha Rubeni mpaka alipofumbua macho.

Uliporudi ulimkuta baba mdogo jikoni anamkorogea Rubeni uji. Uliongeza sukari tu.

Leo Rubeni ameacha kabisa. Danford hajaacha, Mama, tusikudanganye; Jumamosi huenda kwenye komoni na kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Siku nyingine anaosha malori, na funguo za vile vyumba viwili anazo yeye. Juzi alikuja mzee mmoja kutoka machimbo ya Saza, ananuka gongo. Aliyempokea na kumwonyesha kitanda ni baba mdogo.

Tulipoandaa tangazo hili la kumbukumbu hatukujua Danford na Rubeni tuwaweke wapi, kwa wapangaji au kwa marafiki.

"Waandikeni na watoto," baba mdogo akasema.

Unakumbukwa na mama yako Edina, shemeji yako Emanueli, na watoto wako Tusekile, Ambilikile, Danford na Rubeni. Tutakukumbuka maisha yetu yote, Mama.