Kusahau Si Kudharau

Mke wangu mpendwa, Mama Deodati,

Kasinge waitu. Najua salamu hii hutolewa na mdogo kwa mkubwa, naye akiwa amepiga magoti. Leo naomba uipokee kutoka kwangu. Niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu tulipokuzika tumekwisha vuna kahawa mara mbili. Ningeweza kusingizia macho, lakini ukweli ni kwamba niliona haya.

Habari za nyumbani si njema. Binti yetu Leticia amerudi Kishanda kunitunza, na mjukuu wetu Koku, uliyemwacha hajaanza shule, sasa yuko darasa la pili. Daftari zake zimejaa sentensi zilizokatika katikati. Akitumwa chumvi, hurudi na panzi wa senene kiganjani, chumvi ameiacha dukani. Lakini lililoniudhi kuliko yote ni salamu. Kila asubuhi hupiga magoti mbele yangu kama ulivyomfundisha, na kabla sijamaliza kuitikia amekwisha inuka, yuko mlangoni anamfuata kuku. Nikawa namrudisha aanze upya. Jumapili moja, mbele ya wageni waliotoka misa, nilimrudisha mara sita, juu ya changarawe. Mara ya saba akalia: "Babu, magoti yametulia, kichwa ndicho kinakimbia!"

Nikaagiza fimbo.

Leticia hakuileta. Aliniuliza mbele ya wageni wale wale, "Baba, hiyo fimbo ilimfundisha kaka nini?"

Juma lililofuata tulimpeleka Koku hospitali, Bukoba mjini. Daktari, mama mmoja mpole, alisoma barua ya mwalimu wake, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akatueleza kwamba hicho si kiburi wala malezi mabaya. Wapo watoto, alisema, ambao akili yao hushindwa kushikilia jambo moja, ingawa wao wenyewe wanatamani kutulia. Halafu akaniuliza, "Mzee, katika ukoo yupo mwingine aliyekuwa hivi?"

Nikasema, "Hayupo, waitu."

Nilimkana mwanetu, Mama Deodati. Leticia aliinamisha kichwa.

Unaikumbuka siku ile tulipomwachia Deodati kahawa iliyoanikwa, sisi tukaenda jumuiya? Mvua iliponyesha alikuwa juu ya mparachichi, anatazama kiota cha ndege. Mavuno yote yakaoza. Ulisimama umeshika mkeka unaochuruzika maji, ukasema, "Mtoto hakudharau, amesahau." Nami, msomi wa misheni, nikakukemea: "Kusahau ndiko kudharau." Nikamfukuza. Akaenda Ngenge kuchunga ng'ombe wa watu, huko akamzaa Koku, na siku aliyorudi alirudi ndani ya jeneza, nasi tukaachiwa mtoto. Hukunilaumu hata mara moja. Afadhali ungenilaumu.

Sasa namkumbuka alipokuwa na umri wa Koku. Wewe ulikuwa ukimshika bega kwanza, akutazame, ndipo umtume. Mimi nilimwita kutoka mbali, nikahesabu makosa. Najitetea kwamba sikujua. Lakini wewe hukupita darasa la nne, na ulijua.

Nakuahidi. Alhamisi tunarudi kwa daktari, nami nitamwambia, Leticia akisikia, kwamba alikuwepo, jina lake Deodati, na aliyemfukuza nyumbani ni baba yake. Koku hatapigishwa magoti tena hapa kwangu. Akinisalimu amesimama, au akinisalimu huku anakimbia, nitamwitikia.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Mwambie mwanetu haya niliyoyaandika, maana mimi bado sijapata ujasiri wa kusimama kaburini kwake.

Barua hii ataileta Koku, hapo migombani mlipolala wewe na baba yake. Ni hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini huenda akachelewa njiani. Nawasihi mngojeni. Baba yake sikumngoja.

Mimi mumeo,
Baba Deodati